Lugha ya Maua: Ua, Asumini, Kilua na Waridi katika Matumizi ya Kiswahili

Lugha ya maua ni istilahi yenye maana mbili ambazo msomaji anapaswa kuzitenganisha. Kwa maana finyu, ni mtindo ulioenea Ulaya katika karne ya 19, ambapo kila ua lilipewa neno lake na shada likasomwa kama barua. Kwa maana pana, ni jumla ya maana ambazo jamii huyapa maua katika mavazi, sherehe, majina, methali na ushairi. Makala haya yanahusu maana pana kama inavyodhihirika katika Kiswahili cha pwani, kisha yanailinganisha na ile finyu, kwa kuwa mkanganyiko wa maana hizo mbili huzaa makosa mengi ya tafsiri na ya uhakiki.

Hoja kuu ni hii: katika Kiswahili cha pwani, ua husomwa kwa pua kabla ya kusomwa kwa macho. Maana yake haimo katika rangi wala katika jina pekee. Hutokana na harufu, na saa ya siku, na namna lilivyotungwa, na mahali lilipovaliwa.

## Neno *ua* na upatanisho wake

Kamusi hutofautisha maneno matatu yenye umbo hili:

- ua (wingi *maua*, ngeli ya li-/ya-): sehemu ya mmea inayochanua kabla ya kuzaa tunda au mbegu.
- ua (wingi *nyua*, ngeli ya u-/zi-): uwanja wa nyumba uliozungushiwa kizuizi; pia kizuizi chenyewe.
- -ua (kitenzi): ondoa uhai.

Upatanisho ndio unaoamua. *Ua lake limechanua* ni habari ya mmea. *Ua wake umefagiliwa* ni habari ya nyumba. Kanuni hii husaidia kuifasiri methali Ukipenda boga, penda na ua lake. Wapo wanaoieleza kwa ua wa nyumba, yaani mahali boga linapoota. Hata hivyo, kimilikishi *lake* kinaelekeza kwenye ua la mmea. Ingekuwa uwanja, tungesema *ua wake*. Maumbile nayo yanaunga mkono usomaji huo, kwani ua la kike la mboga huchanua likiwa limekaa juu ya boga changa, na viwili hivyo haviji kimoja bila kingine. Ndiyo maana methali hii huambiwa mtu anayeoa au kuolewa na mwenye watoto: ukimpenda mzazi, wapende na wanawe. Hapa ua halisimamii uzuri wala mahaba, bali jambo lisilotenganishika na kile unachokipenda.

Hatua za maisha ya ua zina maneno yake, na mshairi huyachagua kwa uangalifu. Tumba ni ua ambalo halijafunguka. -chanua ni kufunguka. -fifia ni kupoteza rangi. -nyauka na -sinyaa ni kupoteza maji na kujikunja. -pukutika ni kuanguka, kama majani yanavyoanguka mtini. Kuyafasiri yote kwa neno moja la kufa ni kuupoteza mfuatano ambao mara nyingi ndio unaobeba hoja ya shairi zima.

## *-nuka* na *-nukia*

Kiswahili kina jozi ya vitenzi ambayo kila mwanafunzi wa lugha ya maua anapaswa kuanza nayo. -nuka ni kutoa harufu mbaya. -Nukia ni kutoa harufu nzuri. Neno harufu lenyewe halina upande, na huhitaji kivumishi. Kutokana na mzizi huohuo tunapata -nusa, yaani kuvuta harufu kwa pua, na manukato, yaani vitu vya kunukia.

Mfano: *Chumba kinanukia asumini.* Hii ni sifa kwa chumba na kwa mwenye chumba.

Mfano: *Chumba kinanuka asumini.* Msikilizaji atadhani maua yameoza, au kwamba msemaji anamkejeli mwenyeji.

Mfasiri anayetoka katika lugha yenye kitenzi kimoja cha kunusa na kutoa harufu huangukia kosa hili kwa urahisi. Tofauti ya silabi moja inatosha kuigeuza sifa kuwa tusi.

## *-tunga*: kazi ya maua na kazi ya maneno

Kitenzi -tunga kina maana ya kupitisha vitu katika uzi vikafuatana: hutungwa shanga, hutungwa samaki, hutungwa maua. Kitenzi hichohicho ndicho cha kuunda shairi, na kutokana nacho tumepata *mtunzi*, *utungo* na *utunzi*. Atungaye asumini na atungaye shairi wanafanya kazi yenye jina moja: kuchagua, kupanga kwa kufuatana na kufunga mwisho ili vilivyotungwa visitawanyike.

Kwa hiyo ua moja mkononi si usemi kamili katika utamaduni huu. Usemi hupatikana maua yanapotungwa, na aina ya utungo ina jina lake.

Kikuba (vikuba) ni kitita kidogo cha maua na majani yanayonukia, kama asumini, mawaridi na rehani, ambacho mwanamke hukibandika kwenye nguo kifuani au kukichomeka katika nywele. Ni pambo la karibu: harufu yake humfikia aliye jirani, si aliye ng'ambo ya barabara.

Koja (makoja) ni maua yaliyotungwa katika uzi mrefu na kuvaliwa shingoni. Huvishwa bwana harusi au mgeni wa heshima. Tofauti na kikuba, koja ni tamko la hadharani.

Shada (mashada) ni maua yaliyofungwa pamoja. Neno hili lina matumizi mawili yanayokaribia kupingana: shada analoshika bibi harusi, na shada linalowekwa kaburini au kwenye mnara. Nchini Tanzania, katika maadhimisho ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, mashada ya maua huwekwa kwenye mnara pamoja na silaha za jadi kama mkuki na ngao. Mwandishi anayesema tu *alipokea shada la maua* anapaswa kuhakikisha kwamba muktadha umekwisha kumwambia msomaji kama ni furaha au msiba.

## Maua makuu ya pwani

Asumini (pia *yasmini*). Neno hili limetujia kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi. Ua ni dogo, jeupe, lenye harufu kali. Asumini inayotungwa pwani huchumwa alasiri ikiwa bado tumba, kwa sababu hufunguka jioni na kunukia usiku. Tabia hiyo ya mmea ndiyo iliyoipa maana yake: asumini ni ua la usiku, la faragha na la ndoa. Hutungwa kwa ajili ya nywele na hutandazwa kitandani, hasa kwa maharusi.

Afu (maafu). Ni ua la mwafu, asumini ya mwituni. Katika ushairi, atajaye afu mahali pa asumini huenda anatafuta vina, lakini pia huenda anasifu uzuri ambao haukupandwa wala kutunzwa na mtu.

Kilua (vilua). Ni ua la mkilua, mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Kilua hakisifiwi kwa rangi bali kwa harufu, na wanawake wa pwani wamekitumia tangu zamani katika manukato na mapambo. Mwanabotania Bernard Verdcourt alipoueleza mti huu kisayansi mwaka 1970, aliipa jenasi yake jina la *Mkilua*, na spishi akaiita *fragrans*, neno la Kilatini lenye maana ya kunukia. Ni nadra kwa neno la Kiswahili, pamoja na kiambishi chake cha ngeli, kuingia katika Kilatini cha sayansi bila kubadilishwa hata herufi moja.

Langilangi (malangilangi). Ni ua la mlangilangi, wa ukoo uleule wa mstafeli. Jina limetoka katika lugha za Ufilipino. Visiwa vya Komoro ni miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani wa mafuta yake, yanayotumiwa na watengenezaji wa manukato.

Rehani (pia *rihani*). Ni jani na ua la mrehani, linaloingia katika kikuba. Lisichanganywe na *rehani* ya kuweka mali dhamana ya mkopo. Maneno haya mawili yametoka katika mizizi tofauti ya Kiarabu, ila Kiswahili kimeyafanya yafanane.

Kadi. Ni ua la mkadi, lenye harufu nzito inayodumu. Nalo lina neno linalofanana nalo, *kadi* ya mwaliko, na tafsiri za haraka zimelipoteza ua hili kwa sababu hiyo.

Waridi (mawaridi). Neno ni la Kiarabu. Katika pwani, waridi la jadi hujulikana zaidi kwa maji yake, yaani marashi, neno lenye asili ya kunyunyiza. Hunyunyizwa kwa mrashi, chombo chenye shingo ndefu, katika harusi na katika maulidi. Waridi hilo si alama ya wapendanao wawili tu. Ni heshima inayomwagwa juu ya wote waliohudhuria. Pia limetupatia jina la rangi: *rangi ya waridi* ni nyekundu iliyofifia kuelekea nyeupe. Kwa hiyo *waridi jekundu* na *rangi ya waridi* ni mambo mawili tofauti.

## Ushahidi wa utendi

Ushahidi ulio wazi wa lugha hii umo katika *Utendi wa Mwana Kupona*, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake. Katika mafunzo ya ndoa, mama anamwelekeza binti ajitunze mwili, afunge nywele zake, atunge asumini na kuziweka kitandani.

Mwanafunzi wa leo aliyezoea kadi za wapendanao huweza kuona hapo pambo tu, au ishara ya jumla ya mapenzi. Usomaji huo unaacha mengi. Kwanza, kitenzi ni kutunga: binti anaagizwa kazi ya mikono inayohitaji muda na utulivu. Pili, ua ni asumini, kwa hiyo saa ni ya jioni. Tatu, mahali ni kitandani, kwa hiyo ujumbe ni wa faragha na msomaji wake ni mmoja. Hakuna neno la wazi la mahaba, na halihitajiki, kwa kuwa maua yamekwisha kulisema kwa adabu.

Kinyume chake nacho husema. Katika sheria ya Kiislamu, mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, isipokuwa aliye mjamzito, ambaye eda yake huisha akijifungua. Katika muda huo hujizuia na manukato na mapambo. Mwanamke aliyezoeleka kunukia asumini kila jioni anapoacha kunukia, jirani huelewa. Katika riwaya au tamthilia ya pwani, kukosekana kwa kikuba kunaweza kuwa habari nzito kuliko kuwapo kwake, na mhakiki hapaswi kupita hapo bila kusimama.

## Lugha ya maua ya Ulaya

Mwaka 1718, Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza huko Istanbul, aliandika barua iliyoeleza jinsi watu wa huko walivyotumiana ujumbe wa mapenzi kwa vitu badala ya maandishi. Barua zake zilichapishwa mwaka 1763. Orodha yake haikuwa ya maua peke yake. Ilikuwa na lulu, karafuu, mdalasini na hata makaa. Kila kitu kilikumbusha kauli iliyotiwa vina na jina lake kwa Kituruki. Wazungu waliuita utaratibu huo *sélam*, neno ambalo Mswahili atalitambua mara moja katika *salamu*.

Ulipofika Ulaya Magharibi, vina vilipotea na maua yakabaki. Mwaka 1819 kilichapishwa Paris kitabu cha Charlotte de Latour, *Le langage des fleurs*, na vingine vingi vikafuata, kikiwamo cha Kate Greenaway kilichotoka London mwaka 1884. Vitabu hivyo vilipangwa kama kamusi: jina la ua upande mmoja, maana upande wa pili. Havikukubaliana daima, na mtumaji na mpokeaji wenye vitabu tofauti wangeweza kuelewana vibaya.

Mfasiri hukutana na urithi huo, na ule wa kale zaidi wa Uingereza, katika kazi za fasihi. Katika *Hamlet* ya Shakespeare, Ophelia anagawa maua na mimea huku akili ikiwa imemtoka. Baadhi anaitaja pamoja na maana yake: rozmari anaihusisha na kumbukumbu. Hapo mfasiri hana shida, kwani mhusika mwenyewe amefasiri. Lakini anapotoa shamari hasemi kitu, kwa sababu hadhira ya Kiingereza ya wakati ule iliihusisha na urairai, yaani sifa za kinafiki. Kwa Mswahili, shamari ni kiungo cha jikoni na dawa ya tumbo. Mfasiri akiandika *shamari* peke yake, lawama dhidi ya watu wa jumba la mfalme inapotea. Njia salama ni kubakiza jina la mmea na kuongeza neno moja au mawili ndani ya mstari yatakayofichua maana. Kulibadilisha ua kwa asumini hakutafaa: kutamhamishia Ophelia katika chumba cha harusi.

## Ua kama sitiari ya mtu, na majina

Katika ushairi wa mapenzi, *ua* humsimamia mpenzi, hasa mwanamke, na misemo kama *ua la moyo* au *ua langu* imezoeleka. Sitiari hii ina uzito wake. Ua huchumwa, na likishachumwa hunyauka. -chuma inaweza kuwa sifa kwa aliyefanikiwa kuoa, na inaweza kuwa tishio au majigambo ya mlaghai. Msemaji na toni ndio wanaoamua. Mwalimu anayefundisha tungo za aina hii na awaulize wanafunzi: nani anasema, na ua lenyewe limepewa nafasi ya kujibu?

Majina ya wanawake hubeba sitiari hiyo kwa namna ya heri: Maua, Waridi, Yasmini. Jina Zahra (au Zahara) linahitaji uangalifu. Kiarabu kina neno lenye maana ya ua na jingine lenye maana ya mwenye kung'aa, ambalo ni sifa ya Bi Fatima, binti wa Mtume. Katika matamshi ya Kiswahili maneno hayo hukutana, kwa hiyo isidhaniwe kwamba kila Zahra ameitwa kwa jina la ua.

## Matumizi mapya

Kilimo cha maua kwa ajili ya soko la nje, hasa Naivasha nchini Kenya na maeneo ya Arusha nchini Tanzania, kimelipa waridi maisha ya pili. Waridi la biashara huchaguliwa kwa urefu wa shina, rangi na uwezo wa kukaa siku nyingi bila kunyauka. Mara nyingi halinukii sana. Pamoja na sikukuu ya wapendanao ya tarehe 14 Februari, limekuja na lugha yake ya rangi: jekundu kwa mahaba, jeupe kwa usafi wa moyo, la njano kwa urafiki. Lugha hiyo ni halali na inaeleweka mijini. Kosa ni kuirudisha nyuma na kuisoma katika tungo za zamani, ambamo waridi lilinyunyizwa kama maji na rangi yake haikuulizwa.

Usemi mwingine mpya ni kumpa mtu maua yake, kama katika *Mwalimu huyu apewe maua yake*, yaani asifiwe kwa kazi yake angali hai. Umetokana na msemo wa Kiingereza uliozoeleka miongoni mwa Wamarekani weusi, na umeenea katika mazungumzo na habari za michezo na muziki. Umekubalika kwa urahisi kwa sababu unaeleweka wenyewe: shada la kaburini humfikia mtu asiyeweza tena kunusa. Katika maandishi rasmi ni bora kutumia *apongezwe* au *atambuliwe*.

## Mwongozo kwa mfasiri na mwalimu

1. Uliza kwanza kama ua linanukia, kisha ndipo uulize rangi yake.
2. Tafuta saa: asumini ya jioni na shada la asubuhi hazisemi jambo moja.
3. Taja aina ya utungo. *Kikuba*, *koja* na *shada* havibadilishani nafasi.
4. Angalia upatanisho kabla ya kuamua kama *ua* ni la mmea au ni wa nyumba.
5. Tumia *-nukia* kwa harufu nzuri, na uache *-nuka* kwa mbaya.
6. Usifasiri *kilua* wala *afu* kwa neno la jumla kama *ua zuri*. Maneno haya husikika kwa nadra nje ya pwani, na tafsiri inayoyaruka humnyima msomaji njia ya kuyajua.